Safari yetu ya Pensacola kutazama Snowball Derby

Ndugu wanakikundi,

Nawakumbusha kwamba mbio za magari za Snowball Derby, zilizoanza mwaka 1968, hufanyika mapema mwezi Desemba katika uwanja wa Five Flags, Pensacola, Florida, nasi tutaondoka Ijumaa jioni ili tuziwahi za Jumamosi, ambapo magari ya daraja la pili hukimbia katika mbio za utangulizi ziitwazo Snowflake.

Jumapili ndiyo yenyewe: mizunguko 300 kwenye njia ya lami ya takriban mita 800. Kwa wageni wa leti modeli (aina ya magari ya mbio yanayoshindana hapa), lami ile hula matairi upesi, kwa hiyo anayeongoza mapema mara nyingi huwa amejimaliza mwenyewe. Mtazameni zaidi dereva anayetunza matairi yake katikati ya kundi.

Naomba pia tusiondoke mara bendera ya mwisho ikishapepea, kwa sababu ukaguzi wa magari baada ya mbio ni mkali kuliko mahali pengi. Mwaka 2013 dereva Chase Elliott alimaliza akiwa wa kwanza, akaenguliwa baada ya kipande cha tangsteni (metali nzito isiyoruhusiwa) kukutwa kwenye gari lake, na ushindi ukaenda kwa Erik Jones. (Kwangu mimi, hata hivyo, ushindi mtamu zaidi ni wa Johanna Long, binti wa hapo hapo Pensacola, mwaka 2010.)

Chukueni vizibo vya masikio, hasa kwa watoto, na nguo za baridi. Mvua ikinyesha, mbio huweza kusogezwa hadi Jumatatu. Asiyeweza kukosa kazi siku hiyo anijulishe kabla ya Jumatano.