Barua kwa mwanangu: bibi wa San Carlos

Mwanangu,

Majibu ya kipimo cha DNA cha mate yako nimeyaona. Asilimia 12 wenyeji wa asili wa Amerika, nawe umeshajiita Mwapache, mmoja wa wenyeji hao, kwenye simu! Taratibu. Kipimo hicho hakijui kabila. Ni sawa na mtu akwambie wewe ni Mbantu, ukadhani umeshafika Matombo kwa bibi. Na hata Waapache wenyewe wana makundi: kuna Wachiricahua, Wamescalero, Wajicarilla, Walipan, na wale wa San Carlos.

Marehemu baba yako alikuwa na sentensi moja tu: bibi yake mzaa mama alizaliwa San Carlos, eneo walilotengewa Waapache kule Arizona, Marekani. Shika hiyo. Mawakala wa serikali waliandikisha watu wa maeneo kama hayo karibu kila mwaka, 1885 hadi 1940, na daftari hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Marekani. Jina litakupotea, maana kila karani aliliandika alivyolisikia. Mfuate kwa umri, na kwa waliotajwa jirani yake. Kisha angalia namba: pale San Carlos wanaume walipewa vibati vyenye herufi ya kundi na tarakimu, kama ng'ombe wa mnadani.

Shangazi yako atakwambia ninyi ni damu ya Geronimo, yule kiongozi maarufu wa vita wa Waapache. Mwitikie, halafu endelea na kazi yako. Geronimo alikuwa Mchiricahua. Alipojisalimisha kwa jeshi la Marekani Septemba 1886, watu wake walipakiwa treni hadi Florida, pamoja na wenzao waliokuwa wamelitumikia jeshi hilohilo kama maskauti, na wakabaki wafungwa wa vita miaka 27.

Kuhusu kuandikishwa uraia wa taifa lao, usijipe tamaa. Kwa Waapache wengi huulizwa kiwango cha damu, mara nyingi robo. Wewe una thumuni. Na kuna jambo limenichekesha: watu wa San Carlos ukoo wao hupita kwa mama, kama sisi Waluguru. Baba yako alikuwa na ukoo kule, kwa mama yake. Wewe, kwa mila yao na kwa yetu, ni wa kwangu.

Picha ya bibi ninayo kwenye sanduku la bati. Nyuma kuna maandishi ya penseli, miaka yote nikidhani ni ya mpiga picha. Jana nimevaa miwani nikayasoma: herufi moja, tarakimu mbili. Nakutumia.

Mama yako,
Morogoro