Kabla ya mahari, ulizeni visa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Ngamiani, Tanga. Shela la mwanangu nililishona mwenyewe kwa wiki tatu, shanga za kifuani nikizitia usiku baada ya kumaliza kazi za wateja. Shela hilo lilikwenda Uingereza, likarudi siku ya tatu halijavaliwa. Naomba nafasi nieleze lililotokea, maana najua Tanga, Unguja na Mombasa ziko nyumba nyingi zenye mtoto aliyeposa au aliyeposwa huko.

Mchumba wake ni kijana wa kwetu, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Leicester na mwenye uraia wa Uingereza. Tulitaka ndoa ifungwe hapa, nyumbani kwa bi harusi, kama ilivyo desturi. Lakini mama yake kijana husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki na hawezi kusafiri. Tukaona si haki mama akose harusi ya mwanawe wa pekee. Tukakubaliana binti aende yeye, na baba yake mdogo, ambaye ndiye walii wake, ampe uwakala imamu wa huko aozeshe kwa niaba yake.

Tukaenda kwa wakala mmoja wa visa, Dar es Salaam. Akatuambia visa ni visa, mtu akishaingia hakuna wa kumuuliza. Akajaza fomu ya mgeni wa matembezi, na penye sababu ya safari akaandika kwamba anakwenda kutembelea marafiki. Visa ikatoka, nikapika pilau nikawaita majirani.

Alipofika uwanja wa ndege, ofisa alimuuliza amefuata nini. Mwanangu sikumlea kusema uongo. Akajibu, nimekuja kuolewa. Akawekwa pembeni, sanduku likafunguliwa, vikatolewa kimoja kimoja: shela, hina, udi, kopo la singo nililomfungia kwa mikono yangu, na kadi za mwaliko zenye tarehe ya wiki mbili mbele. Usiku ule alilala kwenye kiti cha chumba cha kusubiri. Kesho yake akapandishwa ndege ya kurudi. Nilipompokea hakulia, mimi ndiye niliyelia.

Waliomrudisha siwalaumu. Kanuni zao zinasema wazi kwamba mwenye visa ya matembezi haruhusiwi kufunga ndoa, wala hata kupeleka notisi ya ndoa. Anayekwenda kufunga ndoa kisha arudi kwao ana visa yake mahsusi, iitwayo Marriage Visitor, na hilo ndilo jina la kulitafuta kwenye fomu. Ni ya miezi 6. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, aonyeshe kwamba uchumba ni wa kweli, kwamba mipango ya ndoa ipo, na kwamba fedha za kujikimu anazo. Aliyewahi kuoa au kuolewa aonyeshe hati ya talaka, na aliyefiwa, cheti cha kifo. Lililonichoma moyo zaidi ni kwamba ada ya visa hiyo ni sawasawa na ya matembezi. Hatukuokoa hata senti moja kwa kuingia mlango usio wetu. Tulipoteza tiketi, tukapoteza laki sita za wakala, na mwanangu akabaki na alama ya kukataliwa ambayo ataitaja kwenye kila fomu ya visa ya Uingereza atakayoijaza.

Hapo ndipo wakala alipotupa ushauri wa pili, mbaya kuliko wa kwanza: abadilishe pasipoti, aombe upya, asitaje kwamba alirudishwa. Tunamshukuru Mungu mwanangu alikataa. Baadaye tulielewa kwamba anayegunduliwa kudanganya kwenye maombi anaweza kufungiwa asipewe visa kwa miaka 10. Akaijaza fomu mwenyewe, akaandika yote kama yalivyokuwa, akaambatanisha barua ya daktari wa mama mkwe na barua ya ofisi ya usajili wa ndoa ya kule, na mara hii akaomba visa ya ndoa. Akapewa.

Kuna hesabu ya siku ambayo sisi hatukuijua, nayo ingetuharibia hata kama mara ya kwanza angepita. Kwa England, ni lazima mtu awe amekaa katika eneo siku 7 kamili ndipo apeleke notisi. Bwana na bibi wanakwenda wote wawili, kwa miguu yao, mbele ya msajili, na pasipoti na uthibitisho wa wanapoishi. Notisi ikishapokewa hubandikwa hadharani kwa siku 28. Asiye na visa ya ndoa wala ya mchumba anaweza kurefushiwa hadi siku 70 wakitaka kumchunguza. Kwa hiyo, kuanzia kushuka kwenye ndege hadi kutia saini, muda haupungui wiki 5. Sisi tulikuwa tumeshalipia ukumbi wa siku ya 14! Jambo lenyewe si geni, kwani hata Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, na Wakristo wanajua ndoa hutangazwa kanisani kabla ya kufungwa. Tulikwenda tu tukidhani kwa wenzetu mambo ni ya haraka.

Waislamu wenzangu nawaomba wanisikilize zaidi hapa. Huku kwetu, ndoa iliyofungwa kwa taratibu za dini na kuandikishwa ni ndoa kamili mbele ya serikali. England si hivyo. Nikaha iliyosomwa sebuleni au ukumbini bila taratibu za kiserikali haihesabiki kuwa ndoa kisheria. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua hivyo hata kwa mwanamke aliyeishi na mumewe miaka mingi na kuzaa naye. Maana yake, siku wakiachana, mwanamke hawezi kudai mbele ya mahakama haki za mke aliyeachwa. Binti anayekwenda kuolewa ugenini kwa nikaha peke yake anaachwa bila kinga, na sisi wazazi tunapiga vigelegele. Imamu aliyemuozesha mwanangu, Mungu ampe umri, aligoma kusoma hotuba mpaka alipokiona cheti cha msajili. Wakatia saini asubuhi mbele ya mashahidi wawili, nikaha ikasomwa baada ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwepo. Nililiona shela langu kwenye simu.

Visa hiyo haimpi mtu ruhusa ya kubaki wala kufanya kazi. Mwanangu amerudi Tanga, mke wa mtu, na sasa anajiandaa kuomba visa ya mke: mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, na mume kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Aprili 2024 kutoka 18,600. Mkwe wangu ni dereva wa basi na anafanya zamu za ziada ili afike. Tungejua mapema, tungefikiria visa ya mchumba, ambayo ukishafunga ndoa unaomba kubaki hukohuko. Kipato ni kilekile, lakini wasingetengana.

Mhariri, ombi langu ni kwa wanaowahi kuambiwa habari hizi za uchumba: masheikh, mapadri, wachungaji, na ofisi zetu za usajili wa ndoa. Mtu akija kuwaambia mwanawe anakwenda kuolewa nje, wamuulize anakwenda kwa visa ipi. Na serikali iwatake mawakala waandike kwa Kiswahili, kwenye risiti, jina la visa wanayokuombea na kile isichoruhusu. Risiti yetu iliandikwa neno moja tu, "visa".

Binti ya dada yangu ameposwa mwezi uliopita na kijana aliyeko Birmingham. Wazee walipokaa barazani, kabla mahari haijatajwa, nilimwomba shemeji aulize ndoa itafungwa wapi, na kwa visa gani. Upande wa kijana hawakuwa na jibu. Tumewapa mpaka baada ya Idi walilete.

Mama wa bi harusi,
Ngamiani, Tanga