Rangi ya gereji inaziba milango ya magari ya mfano

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua ili tusahihishe ushauri uliotoka kwenye ukurasa wa vijana wa gazeti hili. Msomaji aliuliza namna ya kupaka rangi gari la mashindano la mfano, lile la plastiki la kuunganisha. Akajibiwa kwamba akishamaliza kuliunganisha alipeleke kwa fundi rangi wa gereji, au anunue kopo la rangi ya gari apulizie mwenyewe. Mafundi wa Unga Limited hapa Arusha, na wa Pasua kule Moshi, ni hodari, hilo halina ubishi. Lakini mkono wao umezoea bati la mita nne, na gari la mfano huharibiwa na unene wa rangi kuliko kitu kingine chochote.

Tuchukue Datsun 240Z, gari lililowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Wengi wa kanda hii hulipenda kwa sababu mashindano hayo, yalipoanza mwaka 1953, yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi, kwa skeli ya 1:24, yaani likipunguzwa mara 24, linakuwa la sentimita 17. Upenyo kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari halisi ni kama milimita 5, hapa ni milimita 0.2, sawa na karatasi mbili za daftari zikibanwa pamoja. Rangi ya gari halisi, kuanzia praima, yaani rangi ya msingi, hadi kliya ya juu isiyo na rangi, ina unene wa takriban milimita 0.1. Ipulize hiyo hiyo kwenye mfano: ukingo huu umeongezeka 0.1, ukingo wa pili 0.1, upenyo umekwisha. Mlango unabaki kovu tu. Ukipiga hesabu kwa upande mwingine, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa milimita 2.4.

Kwa hiyo kazi ya rangi inaanza kabla ya rangi. Mistari ya milango, boneti na mlango wa nyuma ichimbwe zaidi kwa mgongo wa wembe au sindano ngumu iliyofungwa kwenye kijiti. Bandika tepu kandokando ya mstari iwe mwongozo, kisha pitisha mara nne au tano bila kukandamiza. Anayetaka kumaliza kwa mpito mmoja wembe humtoka, hasa kwenye pembe ya chini ya mlango karibu na tairi la nyuma, ukaacha mkwaruzo katikati ya bodi. Mkwaruzo huo uzibe kwa tone la supa gluu, ngoja ligande, sugua kwa msasa wa maji namba 600 halafu 1000. Puti ya gereji isitumike hapa: ina chembe kubwa, na ikiwa imepakwa nene hunywea baadaye na kuacha shimo.

Pia si kweli kwamba gari huunganishwa lote ndipo lipakwe. Bodi hupakwa peke yake, chasisi peke yake, siti na dashibodi peke yake, ringi kabla hazijavishwa matairi. Kinachotangulia kuunganishwa ni vile vinavyoshikana na bodi na vyenye rangi moja nayo, ili kiungo kisuguliwe kipotee. Sehemu inayosubiri gundi isipakwe rangi, au ikwanguliwe, maana gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki kwa plastiki. Ukiiweka juu ya rangi, unakuwa umebandika kwenye ngozi ya rangi tu, na bampa litang'oka nayo.

Sasa thina. Thina za gereji huwa na viyeyushi vikali kama toluini na asetoni. Bati halishtuki, lakini mifano mingi imetengenezwa kwa polistaireni, aina ya plastiki ambayo viyeyushi hivyo huila. Jaribio ni dogo: dondosha tone kwenye ile fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande, hesabu hadi 30, gusa kwa kijiti. Plastiki ikinata, usiisogeze thina hiyo karibu na bodi. Asiye na njia nyingine ila kopo la rangi ya gari, basi bodi ipate kwanza praima ya mifano, ikauke siku nzima, kisha rangi ipite kama umande, mipito minne au mitano, dakika 10 kati ya mpito na mpito, ili kiyeyushi kiruke kabla hakijazama. Mpito mmoja wa kulowesha unatosha kuchora nyufa kama za matope yaliyokauka. Na kliya ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, tafadhali, isipulizwe nyumbani hata kidogo. Ina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wowote.

Kwa mwenye brashi ya hewa, yaani kipulizio kidogo cha mkononi cha kupaka mifano, rangi izimuliwe hadi itiririke ukutani mwa kikombe kama maziwa, mgandamizo uwe baa 1 hadi 1.5, umbali sentimita 10 hadi 15. Kabla ya hapo bodi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na mafuta hayo ndiyo huifanya rangi ijikusanye na kuacha vidoa mithili ya macho ya samaki.

Hali ya hewa yetu nayo ina masharti. Moshi mwezi Januari na Februari rangi hukauka hewani kabla ya kufika, bodi ikawa na vinyweleo kama msasa. Puliza alfajiri, sogea karibu, ongeza kidogo kiyeyushi kinachokauka polepole. Arusha mwezi Juni na Julai, ukungu ukiwa chini, kiyeyushi kinaporuka hupoza uso wa rangi, unyevu ukatulia juu yake, na rangi ikageuka nyeupe kama imemwagiwa uji. Hapo ngoja hadi saa nne au saa tano jua litoke. Vumbi la kiangazi halihitaji maelezo: nyunyizia sakafu maji, funga dirisha, na bodi ikishapakwa ifunike kwa beseni safi.

Lile Datsun lililoshinda mwaka 1971 lilikuwa jekundu lenye boneti nyeusi. Nyekundu haifuniki vizuri, kwa hiyo praima chini yake iwe nyeupe au ya waridi. Ya kijivu huifanya iwe kahawia ya matofali, na watu huongeza mipito kuitafuta nyekundu, unene ukarudi pale pale. Nyekundu kwanza, nyeusi baadaye. Bandika tepu ukingoni mwa boneti, bonyeza kwa ukucha, kisha pulizia mpito mwembamba wa nyekundu ile ile juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna mwanya, nyekundu ndiyo itakayoingia na kuuziba, na nyeusi haitapata pa kupenyea. Wachache hufanya hivi, na ndiyo tofauti kati ya mstari ulionyooka na mstari wenye meno. Tepu ivutwe ikiwa imekunjwa nyuma, sambamba na bodi, isiinuliwe juu. Nyeusi ya boneti haing'ai, kazi yake ni kuzuia jua lisimmulike dereva.

Stika za maji, zile zinazolowekwa ndipo zibandikwe, hutaka uso unaong'aa. Kwenye uso usiong'aa hewa hubaki chini yake, ikaonekana rangi ya fedha. Sekunde 20 hadi 30 katika maji ya uvuguvugu, iteleze yenyewe kutoka kwenye karatasi, isivutwe. Wanaochapisha namba steshenari watumie printa ya leza, kwani wino wa printa ya kawaida ya wino wa maji hutiririka ukiguswa na maji; na wakumbuke kwamba printa hizo hazina nyeupe, kwa hiyo duara jeupe la mlangoni linalobeba namba lipakwe kwanza kwa rangi. Kliya juu ya stika ianze kwa mipito ya umande, la sivyo huzikunja.

Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supa gluu hutia ukungu kwenye plastiki angavu, nao haufutiki kwa kitambaa.

La mwisho ni vumbi la safari. Udongo halisi, hata ukichekechwa kwa kitambaa cha kanga, chembe zake ni kokoto kwa skeli hii. Sagia chaki ya kahawia na nyekundu kwenye msasa, paka kwa brashi kavu nyuma ya matairi na chini ya milango, ukifuata njia ambayo tairi hurusha udongo, yaani kutoka chini kwenda nyuma. Paa libaki karibu safi.

Kwa aliyekwisha kufuata ule ushauri, Mhariri, tunaomba uchapishe na hili: kama bado plastiki haijaliwa, iloweke bodi kwenye mafuta ya breki usiku mmoja, vaa glavu, sugua kwa mswaki wa zamani, osha kwa sabuni. Aanze na sehemu ya ndani ya boneti aone kama rangi inaachia.

Wasomaji wenu,
Sakina, Arusha