Barua kwa rafiki: utakatifu na pishi ya karafuu

Wete, Pemba

Ndugu yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipokea, nami nimefurahi kusikia kuwa nyote hapo Unguja hamjambo.

Umeniuliza iwapo si vyema ufunge duka Kwaresima nzima, ili usali bila ya moyo wako kuchafuliwa na uongo na viapo vya sokoni. Saumu siidharau, lakini naona unautafuta utakatifu mahali pasipo na watu, na Maandiko hayaupeleki huko. Soma tena sura ya 19 ya Mambo ya Walawi. Mungu anawaamuru Waisraeli wawe watakatifu kwa kuwa Yeye ni mtakatifu, kisha baada ya mistari michache anaingia mashambani na madukani: masazo ya mavuno waachiwe maskini na mgeni, ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hata asubuhi, mizani na vipimo viwe vya haki.

Wewe unasali Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, kwa hiyo mfano unao karibu. Soko la watumwa la hapo lilipofungwa mwaka 1873, wamisionari hawakutafuta kiwanja kisicho na doa. Walijenga kanisa papo hapo, na altare, kama tulivyosikia kwa wazee, ikawekwa uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi ule, amezikwa nyuma ya altare hiyo.

Huku kwetu utakatifu hupimwa jioni, wachumaji wanaporudi na mapakacha. Msimamizi humimina karafuu mbichi ndani ya pishi, kile chombo cha kupimia, akaitikisa zishuke, akaongeza, akarundika mpaka zikamwagika juu ya jamvi, ndipo akahesabu pishi moja. Na zile zilizomwagika si za mchumaji tena. Wapo wenzetu wanaopima hivyo Jumamosi, na Jumapili wakaimba Zaburi ya 24, ya mikono safi na moyo mweupe, kwa sauti nzuri kabisa. Sisi Wakristo wa Pemba tu wachache, na jirani zetu Waislamu, wanaotawadha mara tano kwa siku, hawatuulizi namna tunavyoungama. Wanaitazama pishi.

Basi duka usilifunge. Ungama kwa padri kama ulivyozoea, funga kadiri ya nguvu zako, na kabla ya Jumatano ya Majivu uwalipe wachumaji wa shamba la marehemu baba yako, ambao tangu msimu uliopita wanaambiwa wasubiri. Najua fedha zimeshikwa na kaka zako. Hata hivyo, jina linalotajwa huku ni lako. Ukizituma kwa simu, nitawapelekea mwenyewe hadi Mtambwe, na kila mmoja atatia dole gumba kwenye daftari, nami nitakuletea daftari hilo nikija Pasaka.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako katika Kristo,
Nduguyo wa Wete