Kwa wanamaombi wa Tanga: mwacheni mgonjwa apumzike

Wanangu wapendwa wa vikundi vya maombi hapa Tanga mjini,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia mimi mama yenu, mzee wa kanisa na muuguzi mstaafu. Nina neno moja tu, nalo ni juu ya namna tunavyowaombea wagonjwa. Kazi yenu naipenda na ninamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mnatoka kazini mmechoka, mnapita nyumba kwa nyumba Makorora na Chumbageni, wengine mnapanda daladala hadi Pongwe kwa nauli yenu wenyewe. Sisemi mwache. Nasema tumtazame mgonjwa tunapomuaga: tumemwacha ametulia, au tumemwacha amechoka kuliko tulivyomkuta?

Hivi karibuni nilikuwa Ngamiani kwa mama mmoja aliyepata kiharusi. Kikundi kiliingia saa nne za usiku, watu wengi kuliko chumba chenyewe. Wakakizunguka kitanda, wakaomba kwa sauti ya juu, na kila baada ya kitambo mmoja wao anamwinamia: "Mama, unaamini? Sema unaamini!" Mdomo wake umekwenda upande, maneno hayamtoki sawasawa. Alikuwa ameukamata upindo wa kanga kwa ule mkono mzima, jasho linamtoka, anajibu kwa shida: "Naamini... nisameheni, najitahidi." Nikawaomba waishie pale. Walipoondoka akaniuliza kama nadhani Mungu amemkasirikia.

Mgonjwa aliyeombewa hapaswi kubaki na swali hilo. Wale vijana walikuja kwa upendo, nawafahamu, na hawakukusudia kumuumiza. Lakini walimwongezea mzigo mtu ambaye hata kugeuka kitandani hawezi. Alikuwa anaumwa mwili. Sasa akaanza kuumwa na imani yake pia, akiipima kama inatosha. Imani tusiifanye nauli, kwamba mgonjwa asipoitimiza anashushwa njiani.

Bwana wetu hakufanya hivyo. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Anawaita wakiwa bado wamelemewa. Hakusema wapone kwanza ndipo wapumzike, wala hakusema wajitahidi kwanza ndipo waje. Pumziko ni la kwanza kabisa kutolewa, na anayelitoa ni yeye mwenyewe.

Tena someni vizuri Injili mwone ni siku gani aliponya. Yule mwenye mkono uliopooza, Sabato. Mwenye safura, ugonjwa wa kuvimba mwili, Sabato. Yule wa birika la Bethzatha aliyeugua miaka 38, Sabato. Kipofu wa Yohana 9, Sabato. Na yule mwanamke wa Luka 13 aliyepindana miaka 18 asiweze kujiinua kabisa. Huyu ndiye ningependa mkae naye zaidi. Hakuomba kitu. Hakuulizwa kama anaamini. Yesu alimwona, akamwita, akamwambia, "Mama, umefunguliwa katika udhaifu wako," akaweka mikono juu yake. Basi. Mkuu wa sinagogi akakasirika, akasema ziko siku sita za kazi, waje waponywe siku hizo. Yesu akamjibu kwamba hata ng'ombe na punda hufunguliwa siku ya Sabato wakapelekwa kunywa maji, sembuse binti wa Ibrahimu? Kwake, siku ya kupumzika ndiyo siku inayofaa kabisa kumfungua aliyefungwa.

Na hilo halikuanza kwake. Katika Kumbukumbu la Torati 5, Mungu anapowaagiza Waisraeli kupumzika anawakumbusha kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Sisi watu wa pwani hii hatuhitaji kufundishwa habari hizo. Bandari ya Pangani iko hapo chini tu, na tunajua ni watu gani walipakiwa pale. Nendeni pia Lutindi, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe. Mahali pale palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mpaka leo ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wakristo waliotutangulia mkoani kwetu waliona kwamba kumhubiria mtu na kumpa kitanda, chakula na utulivu ni huduma ile ile.

Nabii Eliya naye alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, akamwambia Mungu yatosha, aiondoe roho yake, malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale. Akarudi mara ya pili akamwambia tena ale, na ndipo Eliya akapata nguvu za mwendo wa siku 40 mpaka mlima Horebu, alikoisikia sauti ya Mungu. Usingizi na chakula vilitangulia.

Sasa niseme kama muuguzi, na hapa naomba mnisikilize sana. Mwenye kifafa msimpeleke kwenye mkesha. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayoamsha kifafa, na akianguka usiku ule mtasema ni pepo, kumbe ni uchovu. Aliyewahi kuugua akili vilevile: usiku mmoja au miwili bila kulala unaweza kumrudisha alikotoka. Mwenye presha asiambiwe aache vidonge ili kuthibitisha imani yake; presha ikipanda kiharusi kiko mlangoni. Mwenye kisukari anayechoma insulini asifunge bila kuzungumza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla akazimia. Paulo alikuwa na Luka, "yule tabibu mpendwa," na hakuona aibu kumwandika hivyo.

Yuko atakayeniuliza: je, mgonjwa akipumzika, akala, akanywa dawa, akaombewa, na bado hakupona? Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Na mwenzake Trofimo, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Sijaona mahali Paulo anapomlaumu Trofimo kwa kukosa imani. Mimi nimewahudumia watu waliokufa wakiwa na amani ambayo wengi wazima hawana, na siwezi kusema Kristo hakuwagusa. Tuombe uponyaji kwa ujasiri wote, nami naamini Mungu anaponya. Ila mgonjwa ajue kwamba ameshikwa, apone asipone.

Nanyi wenyewe pumzikeni. Mitume waliporudi kazini watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakuipata, Yesu akawaambia waende faraghani wakapumzike kidogo. Kuna dada mmoja kati yenu ana watoto wadogo na hajalala nyumbani Ijumaa hata moja tangu Kwaresima. Mpeni likizo. Gaweni zamu.

Kwa wagonjwa wa nyumbani naomba tufanye hivi kuanzia wiki hii. Waende watu wawili au watatu, mchana, baada ya kumwuliza mwenye nyumba saa inayofaa. Majirani zetu Waislamu wanalijua hili. Wanaingia, wanamjulia hali mgonjwa, wanaacha uji, wanaondoka. Someni Zaburi moja, ombeni kwa sauti anayoweza kuivumilia, mwulizeni kama ameshakula. Akisinzia katikati ya maombi msimwamshe. Anayetaka kupakwa mafuta kama Yakobo 5 inavyoagiza, leteni jina lake kwangu au kwa mchungaji Jumapili baada ya ibada, nasi wazee tutakwenda. Mikesha iendelee kanisani kwa walio wazima, na wagonjwa watajwe humo kwa majina wakiwa wamelala kwao.

Ni mimi mama yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Tanga