Vyuma vya roshani navyo vipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi nililifundisha vijana wa mafunzo ya amali karakanani, na ambalo mwaka huu limenifika mwenyewe: vyuma vya kinga katika roshani, ngazi na mapaa ya zege ya nyumba zetu, ambavyo mara nyingi hutengenezwa kwa kukadiria kwa macho bila ya kipimo chochote.

Idi pili nilikwenda kumtembelea binti yangu, aliyepanga ghorofa ya tatu katika nyumba mpya pembezoni mwa mji wa Unguja. Nyumba ni nzuri, ina tailisi hadi ngazini, na roshani yake imezungushiwa mabomba manne yanayong'aa, yaliyolazwa moja juu ya jingine. Sikuwahi kumaliza kikombe cha kahawa. Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa amekwishapanda bomba la tatu, kifua kimevuka bomba la juu, anawaangalia kuku wa jirani. Tulimteremsha salama, nikaomba futikamba. Kutoka sakafuni hadi bomba la juu zilikuwa sentimita 82, na baina ya bomba na bomba sentimita 18. Mwenye nyumba alipoelezwa alijibu, kwa adabu na bila ya wasiwasi, kwamba hiyo ndiyo fasheni ya sasa na kwamba mtoto huangaliwa na mamaake.

Mama ataangalia, lakini mama huyo huyo hupika, husali na hufungua mlango mgeni akibisha hodi, na chuma huwekwa pale kwa ajili ya dakika hizo.

Vipimo vyenyewe si siri ya wahandisi. Uingereza hutaka kinga ya roshani ifike sentimita 110, na ile ya ngazi za ndani ya nyumba sentimita 90. Marekani, kanuni inayotumika kwa majengo makubwa hutaka inchi 42, yaani karibu sentimita 107. Nchi zote mbili zimechukua takriban nafasi ile ile baina ya fito na fito: isiwe kubwa kiasi cha kupitisha tufe, yaani mpira, wa kipenyo cha sentimita 10, kwa sababu penye nafasi kubwa zaidi kiwiliwili cha mtoto mdogo huweza kupenya na kichwa kikabaki kimekwama. Waingereza wameongeza kwamba katika nyumba ambamo watoto wa chini ya miaka mitano hutarajiwa kuwemo, kinga isiwe rahisi kupandwa. Mabomba yaliyolazwa hayatimizi sharti hilo hata yangefika kimo cha mtu mzima, maana kwa mtoto hiyo ni ngazi aliyowekewa tayari.

Kwa nini basi mafundi wetu wanapenda kuyalaza? Nitasema kwa uwazi, kwa kuwa nami nimewahi kuyalaza kabla sijaacha. Roshani ya mita tatu ikiwekwa fito za kusimama zenye nafasi ya sentimita 10, huhitaji fito zisizopungua 25, na kila moja hukatwa, husimamishwa kwa timazi na huchomelewa juu na chini, yaani maungio 50. Kwa mabomba manne yaliyolazwa, yakiwa na nguzo mbili za mwisho na moja ya kati, maungio hayazidi 12, na mita za chuma hupungua karibu nusu. Mteja huona bei ndogo na mng'ao mwingi, fundi hupumzika mapema. Sioni haki kumlaumu fundi peke yake ikiwa hakuna mtu aliyempa mchoro wenye urefu na nafasi, wala atakayekuja kupima baada yake.

Urefu na nafasi, hata hivyo, huonekana kwa jicho. Kinachonitisha zaidi ni kile kisichoonekana, nacho ni mguu wa nguzo. Kanuni za Marekani hutaka kinga istahimili msukumo wa pauni 200, sawa na kilo 91, katika nukta yoyote ya sehemu yake ya juu. Uzito huo si mkubwa. Ni mtu mmoja aliyeegemea kwa kishindo. Lakini nguzo ya sentimita 110 ni wenzo: msukumo huo wa juu ukifika chini kwenye kisahani cha chuma cha mguuni chenye upana wa sentimita 10 tu, bolti za upande wa ndani huvutwa kwa nguvu inayozidi ile ya kilo 1,000. Sasa nimeshuhudia mara ngapi bolti hizo zikiwa zimeishia ndani ya tailisi na saruji nyembamba ya kusawazishia sakafu, bila ya kugusa zege la jengo! Kinga ya namna hiyo husimama wima, hupigwa picha, hukabidhiwa mwenyewe, na siku wanapoegemea watu watatu kuangalia bwana harusi akiingia, hung'oka pamoja na vigae vyake.

Pana na chumvi. Visiwa vyetu vimezungukwa na bahari, na upepo wa kusi na wa kaskazi wote huja na unyevu wa chumvi. Nguzo ya bomba huoza kwa ndani, hasa pale inapozama katika zege na maji ya mvua ya masika yakatuama. Rangi ya nje hubaki nzima huku chuma kimekwisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivyo zege la ukingoni hupasuka na kumeguka, na ufa huo huingiza chumvi zaidi. Pale zege lilipochanganywa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi imekwishatangulia ndani. Hata chuma kisichoshika kutu hakiko sawa chote: aina ya 304, ambayo ndiyo rahisi kununulika, hutoka madoa ya rangi ya chai karibu na bahari, na aina ya 316, iliyotiwa molibdeni, ndiyo inayostahiki kuwekwa ufukweni. Kwa chuma kilichopakwa zinki, fundi akumbuke kwamba moto wa kuchomelea huiunguza zinki hiyo, na kila ungio lipakwe upya rangi ya zinki kabla ya rangi ya mapambo. Mpangaji naye anaweza kujipimia: aishike nguzo kwa mikono miwili aitikise akiwa amesimama mbali na ukingo, kisha aidunge kwa bisibisi pale inapoingia sakafuni. Ikicheza, au bisibisi ikizama, asiegemee tena mtu hapo.

Tangu sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Disemba 2020 na kuua, tumezungumza sana juu ya kuta na boriti za Mji Mkongwe, na ni haki yetu kuzungumza. Roshani za mbao na vyuma vya kale vya mitaa ile zimetajwa kidogo. Nyingi ni fupi kuliko vipimo vya leo, na nguzo zake zimeshikwa na mawe ya matumbawe na chokaa iliyochoka. Simwambii mtu azing'oe, kwani mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ina wajibu wa kulinda sura yake. Ipo njia ya kati: kinga ya kale ikabaki mahali pake, na kwa ndani yake ukasimamishwa mkono mwembamba wa chuma kwenye urefu unaotakiwa, ukiwa umefungwa sakafuni na si kwenye kazi ya kale. Aliye chini mtaani huwa hauoni kwa urahisi.

Majumba ya Michenzani na Kikwajuni, na yale ya Chake Chake, Wete na Mkoani huku kwetu Pemba, yana tatizo lake mbali. Kila mkaaji hubadilisha roshani yake atakavyo. Mmoja huinua sakafu kwa tailisi mpya sentimita sita na kusahau kwamba kinga imefupika sentimita sita. Mwengine hujenga kibaraza cha kukalia ukingoni, na hajui kwamba kipimo huanzia pale mguu unapoweza kukanyaga.

Ombi langu kwa manispaa na mabaraza ya miji ni dogo. Mchoro wa kibali cha ujenzi uonyeshe urefu wa kinga, nafasi ya fito na namna mguu unavyofungwa katika zege, na mkaguzi asitie saini ya mwisho kabla ya kupanda na futikamba yake na kuitikisa kila nguzo. Taasisi ya Viwango Zanzibar ingetoa karatasi moja ya Kiswahili yenye vipimo hivyo, ibandikwe katika karakana za kuchomelea na katika ofisi za masheha. Kwa nyumba za kupangisha, mkataba utaje nani mwenye jukumu la kinga; wa binti yangu unataja rangi za kuta, bili ya maji na ufunguo wa pili, basi.

Kwa sasa amefunga wavu wa kuvulia kutoka bomba la chini hadi la juu, na mlango wa roshani ameutia komeo kwa juu. Mwenye nyumba amemwambia wavu ule unaharibu sura ya jengo, na ametaka uondolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu mstaafu wa amali,
Chake Chake, Pemba