Barua ya wazi kwa Msajili wa Viuatilifu: kibandiko kitaje utitiri mbuai

Mheshimiwa Msajili,

Mkulima wa matunda anaponunua kiuatilifu, kibandiko humweleza kipimo cha kuchanganya, mavazi ya kujikinga na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mara nyingi huonywa pia asinyunyize nyuki wanapotembelea maua. Lakini katika vibandiko vingi ninavyosoma nikiwa afisa ugani, sioni neno juu ya dawa hiyo itawafanya nini utitiri mbuai, yaani vijidudu wadogo sana wanaowala utitiri wenzao waharibifu kwenye majani. Naomba maelezo hayo yawe sharti la usajili.

Utitiri wekundu wa mitofaa (Panonychus ulmi) na utitiri wa madoa mawili (Tetranychus urticae) wamekuwepo siku zote, lakini kwa sehemu kubwa walikuwa wadudu wa pembeni. Kiuadudu cha DDT kilipoenea mashambani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwavi wanaotoboa matufaha walipungua, na utitiri wakafumuka kuliko ilivyowahi kuonekana. Dawa ilikuwa imewaondoa mbuai. Baadaye jambo lile lile likajirudia kwa viuadudu vingine: kabarili, kisha pairethroidi.

Mbuai huumia zaidi kwa sababu ambayo ni rahisi kuisahau. Baada ya kunyunyiza, utitiri mharibifu aliyesalia bado amekaa juu ya chakula chake, yaani jani. Mbuai aliyesalia hana windo. Atakufa njaa au atahama. Wakati wa joto, utitiri wa madoa mawili hukua kutoka yai hadi kukomaa kwa muda wa wiki moja hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Isitoshe, madume yao hutokana na mayai yasiyorutubishwa na hubeba seti moja tu ya jeni, hivyo jeni ya usugu haina pa kujificha na huenea haraka. Ndiyo maana spishi hii imeripotiwa kuwa sugu kwa viambato hai, yaani kemikali zinazoua ndani ya dawa, zaidi ya 90. Mkulima huongeza dawa, wanaopona ni wale sugu, na safari hii hakuna wa kuwala.

Kuhesabu vifo peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ninapoomba ofisi yako iwe kali. Mbuai anaweza kupona sumu lakini akataga mayai machache, au mayai yasiangulike. Imidaklopridi, kiuadudu ambacho hakiui utitiri, imeonekana katika baadhi ya majaribio kuwafanya utitiri waharibifu watage zaidi. Nayo mankozebu, dawa ya ukungu ambayo mkulima haihusishi kabisa na utitiri, ikirudiwa rudiwa hupunguza mbuai aina ya Typhlodromus pyri. Mkulima huyo anatibu ukungu mapema, kisha baadaye anashangaa majani yake kugeuka rangi ya shaba. Hakuna aliyemweleza kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Njia nyingine ipo na imeshathibitishwa. Katika jimbo la Washington, Marekani, miaka ya 1960, mtafiti Stanley Hoyt alionyesha kwamba mbuai anayeitwa sasa Galendromus occidentalis, aliyekuwa amejenga usugu dhidi ya baadhi ya dawa za organofosfeti (kundi la viuadudu), angeweza kuwadhibiti utitiri kwenye mitofaa mradi wakulima wachague dawa na vipimo kwa kumfikiria yeye. Wakulima waliweza kufanya hivyo kwa sababu walijua dawa ipi inamwacha hai. Huwezi kuchagua usichoelezwa.

Wala ofisi yako haitaanzia sifuri. Shirika la kimataifa la udhibiti wa kibayolojia, IOBC, lina ngazi nne za kupima madhara kwa viumbe rafiki. Katika majaribio ya maabara, dawa inayopunguza uwezo wao kwa chini ya asilimia 30 huhesabiwa haina madhara. Inayozidi asilimia 99 huwekwa ngazi ya nne, ya hatari zaidi. Ngazi hiyo ichapishwe kwenye kibandiko, kwa lugha anayoisoma mkulima, ikihusu mbuai waliomo katika mashamba ya matunda. Kipimo kijumuishe utagaji wa mayai, na sharti liguse dawa za ukungu pia, si viuadudu peke yake.

Watengenezaji watalalamikia gharama za majaribio. Gharama hizo ni za kweli, lakini leo zinalipwa na mkulima, kila anaporudi dukani kununua dawa ya utitiri ambao asingekuwa nao. Kwa bidhaa zilizoko sokoni, naomba muanze na zile zinazonyunyizwa mara nyingi zaidi kwenye miti ya matunda, kila usajili wake unapofika wakati wa kuhuishwa.

Wako katika utumishi,
Afisa ugani, mazao ya matunda